Je, wajua? Kwa nini kutenganisha matabaka ya sumaku hakuuondoi usumaku wake?

Kloridi ya shaba ikichanganywa na chumvi ya amini (kampaundi ya kikaboni yenye nitrojeni) kwenye maji au alkoholi, huota fuwele bapa za manjano. Ndani yake kuna tabaka la shaba na klorini, kisha molekuli za kikaboni, kisha tabaka la shaba tena. Zikipozwa hadi karibu kelvini 10, yaani nyuzi −263 za Selsiasi, fuwele hizi hupata mpangilio wa kisumaku.

Watu wengi hudhani ni baridi inayozaa usumaku huo. Sivyo. Waya wa shaba hauvutwi na sumaku, lakini humu shaba imepoteza elektroni mbili, na kila ioni imebaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Elektroni hiyo ni kisumaku kidogo, na kipo hata kwenye joto la kawaida, ila mtikisiko wa joto hukigeuza huku na huku. Baridi hutuliza tu mtikisiko huo.

Pia si kweli kwamba visumaku hivyo hupangana kwa kuvutana kama sumaku za kawaida. Ioni jirani ziko umbali wa takribani nanomita 0.5, na kwa umbali huo mvutano wa namna hiyo unaweza kuhimili joto la kama sehemu moja ya mia ya kelvini tu. Kinachozipanga ni elektroni zinazoshirikiana kupitia klorini iliyo katikati. Kila shaba imezungukwa na klorini sita, nne karibu na mbili mbali, na mhimili mrefu wa ioni moja hukingamana na wa jirani yake. Kwa mkao huo, spini, yaani vile visumaku vya elektroni, hupata nafuu zikielekea upande mmoja.

Lakini ajabu kubwa iko kwenye nafasi kati ya matabaka. Ukirefusha molekuli za kikaboni, umbali huo hupanda kutoka nanomita 1 hivi hadi zaidi ya 2. Ungetarajia joto ambalo mpangilio huanza liporomoke. Halifanyi hivyo: hubaki kati ya kelvini 7 na 10 hivi.

Fikiria kwaya mbili zilizotengwa na ukuta mnene. Sauti ya mwimbaji mmoja haipenyi. Kila mtu akiimba noti yake, ng'ambo husikika vurugu isiyofuatika. Lakini maelfu wakishika noti moja, sauti hupita na kwaya ya pili huifuata. Joto linaposhuka, maeneo yenye spini zinazoelekea upande mmoja hukua haraka ndani ya kila tabaka. Nguvu inayovuka pengo, ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya ile ya ndani, huzidishwa na idadi hiyo yote. Kunenepesha ukuta huchelewesha mambo kidogo tu.

Mwaka 1966 wanafizikia Mermin na Wagner walithibitisha kwamba tabaka moja pweke, lenye spini zisizopendelea mwelekeo wowote, haliwezi kupata mpangilio wa kudumu kwenye joto lolote lililo juu ya sifuri kamili. Fuwele halisi haziko safi kiasi hicho: spini za shaba hupendelea kidogo kulala sambamba na tabaka, na upendeleo huo nao husaidia. Kwa hiyo nguvu inayovuka pengo haifanyi kazi peke yake.

Hata mwelekeo wa matabaka hutegemea nguvu hiyo hafifu. Katika fuwele yenye amini ya ethili (molekuli fupi yenye kaboni mbili), matabaka jirani huelekea pande zinazopingana na kufutana, ingawa kila moja ni sumaku kamili. Uga mdogo wa sumaku kutoka nje hutosha kuyageuza yote upande mmoja.