Kabla ya kununua chupa ya mtoto, nunua sufuria

Likizo ya uzazi ikibakiza wiki mbili hivi, akina mama huanza kuja kliniki na mifuko. Mmoja alikuja na mtoto wa wiki kumi, akamwaga manunuzi yake yote mezani kwangu: chupa nne za ukubwa tofauti, pampu ya umeme ikiwa bado kwenye boksi, kopo la maziwa, brashi, chuchu za akiba, kifaa cha umeme cha kupashia maziwa, chuchu ya kumbembelezea mtoto na bibu zenye picha za tembo. "Sista, nimesahau nini?" Nikamuuliza nyumbani anapikia nini. Akacheka, akadhani nimehamia kwenye mazungumzo mengine.

Sikuwa nimehama. Chupa ya mtoto ni rahisi kununua na ngumu kusafisha. Wiki hiyohiyo nilifungua chupa ya mtoto mwingine aliyeletwa anaharisha. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Nikaichomoa chuchu kutoka kwenye ile pete ya plastiki inayoikaza, na ndani ya mikunjo ya pete mlikuwa na utando wa njano unaoteleza, wenye harufu ya mtindi uliochacha. Mama yake alikuwa anaiosha kila siku, na sabuni anaweka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pete na chuchu hutenganishwa. Ndiyo maana mama anayetaka kumhamishia mtoto kwenye chupa, mimi huanza kumuuliza habari za jikoni.

Lakini kabla ya jikoni kuna swali la kwanza: kuna ulazima wa kuhama? Wengi wanaosema "namwachisha kwa sababu narudi kazini" hawajui sheria inawapa nini. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha au zaidi. Ikishaisha, mwajiri anapaswa kumruhusu anyonyeshe saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Mama anayefanya kazi jirani na nyumbani anaweza kwenda na kurudi. Anayekaa mbali anaweza kukamua. Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya wanasema jambo moja: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji, kisha vyakula vingine huku kunyonyesha kukiendelea hadi miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo kwa mama wengi kinachobadilika ni chombo tu. Maziwa yanabaki yaleyale, na usiku mtoto anarudi kifuani kama kawaida.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asifanye uamuzi huu dukani wala kwa ushauri wa jirani. Akiwa anameza dawa zake vizuri, kunyonyesha kunawezekana, na kumchanganyia mtoto mchanga maziwa ya kopo na ya kwake kuna hesabu yake. Aje tuzungumze kwanza. Halikadhalika mama wa mtoto njiti.

Sasa turudi kwenye mfuko. Nilianza na kitu ambacho hakikuwemo: kikombe kidogo cha wazi, kisicho na mdomo wa bomba, kisicho na kona. Kile cha kahawa kinafaa kabisa. Watu hushangaa kusikia mtoto wa wiki chache ananywa kwa kikombe, ilhali wodi za watoto njiti zimekuwa zikifanya hivyo miaka na miaka. Mpakate mtoto akiwa wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike ukingoni, kisha subiri. Usimmiminie. Ataramba mwenyewe kwa ulimi kama paka, na akishiba atafunga mdomo. Atamwaga kiasi, ndiyo, weka kitambaa kidevuni. Ila kikombe kinaoshwa kwa kuzungusha kidole, hakina pete, hakina tundu, na mtoto hazoei maziwa yanayotiririka yenyewe kiasi cha kulikataa titi. Mtu asiye na maji ya bomba ya uhakika simshauri chupa hata kidogo.

Kama ni chupa, basi mbili au tatu zinatosha. Chagua yenye mdomo mpana ambao brashi inafika mpaka kwenye pembe za chini, isiyo na michoro ya ndani wala mirija mingi, na yenye alama za mililita zisizofutika kwa kucha. Plastiki ikianza kuwa na mikwaruzo au ukungu, itupe, bakteria hujificha humo. Chuchu iwe ya mtiririko wa polepole, ile ya watoto wachanga. Ipime hivi: igeuze chupa kichwa chini, maziwa yadondoke tone baada ya tone; yakitoka kama uzi, mtoto atapaliwa. Na tafadhali, ile sindano ya moto ya kupanulia tundu ili "mtoto ashibe haraka" ibaki kwenye kushonea nguo.

Pampu yake ya umeme ilikuwa nzuri, nilimwambia abaki nayo kama kazini kuna chumba chenye faragha na soketi. Ila asiitegemee peke yake, maana umeme una siku zake. Zile za bei nafuu zenye mpira wa kubonyeza kama honi ya baiskeli siziungi mkono: maziwa hupanda yakaingia ndani ya mpira, na hakuna brashi itakayoyafuata huko. Pampu bora zaidi kwa wengi ni mkono wenyewe. Nawa mikono, lisugue titi taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya duara jeusi, vikae kama herufi C. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu, inauma na haitoi kitu. Dakika mbili za mwanzo huenda yasitoke hata matone, usikate tamaa. Zungusha vidole pande zote, halafu hamia titi la pili. Tunawaambia waanze mazoezi wiki mbili kabla ya kuripoti kazini, si Jumatatu ileile.

Maziwa yaliyokamuliwa yanataka vyombo vidogo vya glasi au plastiki ngumu, vyenye vifuniko, na karatasi ya kuandikia siku na saa. Weka kiasi cha mlo mmoja, mililita 60 hadi 120, ili kisimwagwe kingi. Kwenye joto la nyuzi 25 hukaa hadi saa 4, lakini Dar es Salaam ya mwezi Machi inapita nyuzi 30, usiyaache mezani muda wote huo. Kwenye friji, rafu ya ndani na si mlangoni, siku 4. Kwenye kile kichumba cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja, wiki 2. Friza yenye mlango wake, miezi 6. Yaliyoyeyuka hayarudishwi kwenye barafu. Tumia ndani ya saa 24. Asiye na friji ofisini abebe kibegi kinachotunza ubaridi chenye vipande vya barafu iliyoganda kabisa, na chupa ziguse barafu yenyewe.

Kile kifaa cha kupashia alikirudisha dukani. Bakuli la maji ya uvuguvugu linafanya kazi hiyohiyo. Maziwa ya mama hayachemshwi, wala hayawekwi kwenye maikrowevu, kwani hupasha sehemu moja ikaunguza mdomo huku chupa kwa nje ikiwa baridi.

Sufuria ya mtoto

Hapa ndipo nilipomshikilia muda mrefu. Nunua sufuria yenye mfuniko wake, kubwa kiasi cha chupa kuzama nzima, na isipikiwe kitu kingine. Nasisitiza kwa sababu najua sufuria zetu: asubuhi chai, mchana dagaa. Nunua beseni la kuoshea vyombo vya mtoto tu, brashi mbili (ndefu ya chupa na ndogo ya chuchu), na kibano cha kuopolea.

Mtoto akimaliza kunywa, tenganisha chupa vipande vyote saa hiyohiyo, maziwa yasikaukie. Suuza, sugua kwa maji ya moto na sabuni, chuchu uigeuze ndani nje, suuza tena. Zamisha kila kipande kwenye sufuria pasibaki mapovu ya hewa, funika, yakishatokota hesabu dakika 10. Opoa kwa kibano, anika kwenye chujio safi, funika kwa kitambaa safi. Usifute kwa kile kitambaa kinachoning'inia mlangoni jikoni. Kikombe na kijiko pia hupitia humo.

Gesi ikiisha katikati ya mwezi je? Ndiyo sababu ya swali langu la awali. Kuchemsha mara mbili au tatu kwa siku ni gharama, na isipopangiwa bajeti inaanza kurukwa. Ikianza kurukwa, hamia kikombe, ambacho huoshwa kirahisi.

Kama ni maziwa ya kopo

Wapo wasio na njia nyingine, na sina sababu ya kuwasimanga. Waje na hesabu tu. Mtoto wa kilo 5 anahitaji karibu mililita 750 kwa siku, ambazo ni takriban gramu 100 za unga. Kopo la gramu 400 linaisha siku ya nne. Nyumba nyingi hugundua hilo wakati mfuko umeshatoboka, ndipo kijiko kimoja kinaanza kugawanywa, na maziwa yanakuwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto anajaa tumbo, kadi ya kliniki inaonyesha anashuka. Maziwa ya ng'ombe nayo hayachukui nafasi ya kopo kabla ya mwaka mmoja.

Jambo la pili linawashangaza hata wasomi: unga wa kopo si salama kwa asilimia mia hata kopo likiwa halijafunguliwa. Haujachemshwa ukafa vijidudu vyote. Unaweza kuwa na bakteria wanaomletea mtoto mchanga homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani linaagiza ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Bila kipimajoto, chemsha maji yatokote, uyaache yasizidi nusu saa, kisha koroga. Maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate, kwa kijiko kilichokuja ndani ya kopo hilohilo, ukisawazisha kwa kisu safi. Poza kwa kusimamisha chupa kwenye maji baridi, dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, ukihisi vuguvugu mpe. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike. Kuyachemsha hakuondoi chumvi.

Kwa usiku, chupa ya chai iliyo imara ni rafiki mkubwa: jaza maji yaliyotokota, funga, koroga mtoto anapoamka. Iwe ya mtoto peke yake, isiyonukia tangawizi. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kukoroga maziwa jioni na kuyalaza humo yakiwa ya moto mpaka alfajiri. Hapo umewatengenezea bakteria shamba. Yaliyokorogwa yatumike ndani ya saa 2.

Ukiona tunatia chumvi, kumbuka Botswana. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua maji, ulizuka mlipuko wa kuharisha kwa watoto. Nchi hiyo ilikuwa ikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye virusi vya Ukimwi, kwa nia njema kabisa. Uchunguzi ulionyesha kuwa watoto wasionyonya ndio waliokuwa hatarini kuliko wote. Makopo yalikuwa yakigawiwa. Maji ndiyo yaliyowaangusha.

Kuna kifaa kimoja hakiuzwi: mtu atakayelisha. Bibi au dada wa kazi aje kliniki na mama, tumwonyeshe. Mtoto akae nusu wima, chupa ilazwe karibu na usawa, apumzishwe kila baada ya mafundo kadhaa, acheulishwe. Chupa haiegemezwi kwenye mto mtoto akaachwa peke yake. Na mabibi zetu, waliolelewa kutomwaga chakula, wanahitaji kuambiwa kwa heshima kwamba mabaki humwagwa: ya kopo saa moja tangu mtoto alipoanza kunywa, ya mama ndani ya saa 2 baada ya kumaliza.

Mama naye asiache ghafla. Ondoa mnyonyo mmoja, kaa siku tatu au nne, ndipo uondoe mwingine. Pochi iwe na vitambaa vya pamba na blauzi ya akiba. Titi likijaa likauma, kamua kidogo upate nafuu. Likiwa jekundu na homa ikipanda, njoo hospitali, na usiache kukamua. Mtoto akiharisha, akikataa kunywa au nepi zikianza kukaa kavu, msisubiri tarehe ya kliniki.

Yule mama wa mfuko alirudi baada ya wiki tatu kupima uzito. Mtoto alikuwa ameongezeka. Nikamuuliza chupa zinaendeleaje. Akasema mtoto alimkatalia dada chupa siku mbili mfululizo, siku ya tatu wakajaribu kikombe cha kahawa, akanywa chote. Chupa mbili alizobaki nazo, alisema, anazitumia kuhifadhia maziwa kwenye friji.