Kwa nini hakimu hutuma mtu kijijini kwenu kabla ya kukuhukumu?

Mshtakiwa amekiri. Kuku wawili alioiba wameshapigwa picha, mwenyewe anatazama sakafu, kilichobaki ni hukumu. Ghafla hakimu anasema, "Naagiza ripoti ya probesheni," na kesi inaahirishwa wiki mbili. Huko nyuma kortini watu wanaguna. Kuna anayeapa kwamba hapo kuna kitu kidogo kimepita.

Hakijapita chochote. Nchini Kenya, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kifungo cha nje, ikiwa kosa lake halizidi kifungo cha miaka 3, au likizidi lakini hakimu akaona miaka 3 au pungufu inatosha. Mtu hufanya kazi ya umma bila malipo: kupanda miti, kutengeneza barabara, kukarabati shule au hospitali ya serikali. Ila kabla ya kutoa amri hiyo, hakimu lazima aagize uchunguzi kuhusu mkosaji na mazingira yake, na kazi hiyo kwa kawaida humwangukia afisa wa probesheni, yaani afisa wa serikali anayewasimamia wakosaji walioachwa nje ya jela.

Afisa huyo haendi kutafuta aliyeiba kuku. Hilo limekwisha. Anaingia bomani na faili kwapani, anapewa kigoda, anaanza maswali ambayo kwa mtu mwingine ungeyaita umbea: nani hulala nyumba hii, watoto wanakula nini, kijana amewahi kupata kibarua kikadumu, akilewa huwaje? Akitoka hapo anapita kwa chifu au naibu wake, kisha kwa mwenye kuku. Huko kwa mwenye kuku ndiko penye uzito.

Maana anayefyeka nyasi za zahanati mchana hurudi kulala kwao jioni, na njia yake inapita mlangoni pa mwenye kuku. Hakuna askari wa kumchunga. Kama wanakijiji wameapa kumtia moto, kumwachilia ni kumpeleka machinjioni. Kama wazee wameshaketi na kuku wamelipwa, afisa ana jambo la kuandika.

Hakimu halazimiki kufuata ripoti. Anaweza kuisoma yote na bado akamtuma mtu jela, au akamweka chini ya probesheni, kati ya miezi 6 na miaka 3, ambako hakuna kufyeka bali kuripoti kwa afisa na kufuata masharti.

Mimi kinachonikera ni kwingine. Utaratibu huu unampendelea mtu mwenye kwao. Mpangaji aliyefika mjini juzi, msichana wa kazi aliye mbali na nyumbani, chokoraa anayelala verandani: afisa akiwauliza "unajulikana na nani hapa?", hawana jina la kutaja. Ripoti inaandikwa "hana makazi maalum", na kwa maneno hayo matatu mtu anaweza kuingia ndani kwa kosa lile lile ambalo mwana wa boma analifyekea nyasi.