Maana ya biefu: kwa nini Mto Kongo si barabara moja

Maji yanayopita chini ya daraja la Malagarasi, kwenye njia ya Kigoma, wengi wetu hudhani yanaelekea Bahari ya Hindi kama ya Rufiji na Ruvu. Siyo. Yanaingia Ziwa Tanganyika, yanatulia humo, mengi yanaishia kuwa mvuke, na machache yanayosalia yanatokea upande wa pili, Kalemie, kwa mto Lukuga. Lukuga unayapeleka Lualaba, Lualaba ukifika Kisangani unabadili jina na kuitwa Kongo, na Kongo unayamwaga Atlantiki. Mvua ya Urambo ikibahatika kutokauka njiani, hufika Boma na Banana, bandari za mdomoni mwa Kongo.

Maji hufika. Mzigo ndio haufiki, au hufika umechakaa na bei imepanda mara tatu. Neno la kuelezea jambo hilo ni biefu.

Wakongomani wamelitoa kwenye Kifaransa, na hutumiwa na manahodha, wahandisi na watu wa bandari. Biefu ni kipande cha mto ambacho chombo kinaweza kukipita mwanzo hadi mwisho bila kukutana na maporomoko au miamba ya kukizuia. Biefu ikiisha, safari ya chombo imeisha, hata kama mto wenyewe unaendelea kunguruma mbele yake. Ramani za shuleni hazionyeshi haya. Zinachora mstari mmoja wa bluu kutoka Zambia mpaka baharini, na mwanafunzi anaondoka akiamini kuna barabara ya maji ya kilomita 4,700. Mimi niliamini hivyo hadi ukubwani.

Ukubwa wa mto wenyewe hauna ubishi. Bonde lake lina eneo la kilomita za mraba milioni 3.7 hivi. Kwa wastani unamwaga baharini mita za ujazo 41,000 kila sekunde, na duniani hakuna unaoushinda ila Amazon. Unaikata ikweta mara mbili, kwa hiyo masika ya kaskazini yakiisha ya kusini yanakuwa yameanza, na maji yake hayapungui sana mwaka mzima kama ilivyo kwa mito mingi ya kwetu. Tabu yake iko kwenye sakafu: inashuka kwa ngazi, na kila ngazi ni mwisho wa biefu.

Tuchukue gunia la mchele lililo Kindu, mkoani Maniema. Nchi hiyo ina mchele kwa sababu misafara ya waungwana kutoka pwani ilifika nao karne ya 19, pamoja na Kiswahili chake. Mwenye gunia anataka kuliuza Kinshasa. Analipakia botini, linashuka Lualaba kilomita 300 hivi mpaka Ubundu. Hapo biefu imekatika, maana mbele kuna maporomoko ya Boyoma: saba kwa hesabu, yametapakaa katika kilomita 100 hivi na kushuka kama mita 60. Gunia linapakuliwa. Tangu 1906 kuna reli ya kilomita 125 inayoyazunguka maporomoko hayo hadi Kisangani, iliyojengwa na Wabelgiji kwa kazi hiyo tu. Treni ikikosekana, na hukosekana sana, ni pikipiki na baiskeli kwenye njia ya msituni. Kisangani gunia linashushwa tena, linabebwa mpaka ufukoni, linapandishwa kwenye tishari. Kilomita 1,700 baadaye linapakuliwa Kinshasa.

Hesabu mabega. Kindu bega moja, Ubundu mawili, Kisangani mawili, Kinshasa moja. Sita, na bado hatujataka kulipeleka ng'ambo. Kila bega lina ujira wake, kila kituo kina watu wa ushuru, kila kushushwa kuna tundu jipya la kuchuruzisha mchele. Ndiyo maana Kinshasa, iliyo kwenye mto mmoja na Maniema, hula mchele mwingi uliotoka Asia kwa meli.

Biefu ya kati, hiyo ya Kisangani hadi Kinshasa, ndiyo inayojulikana zaidi, na inastahili. Katika kilomita zote hizo 1,700 mto unashuka mita mia na kitu tu, yaani kama sentimita saba kwa kila kilomita. Ni maji yanayokwenda bila haraka, yamejitandaza kati ya visiwa visivyohesabika. Sehemu nyingine ng'ambo haionekani. Hatari yake ni mchanga. Mafungu hubadili mahali kila msimu, maboya ya kuongozea vyombo yamebaki machache, na vyombo vingi bado humweka mtu mbele na upondo mrefu. Anauchovya, anautoa, anatangaza kina kwa sauti au kwa ishara, na nahodha huko nyuma anakata kona kwa neno lake.

Tishari lenyewe ni bati kubwa bapa lisilo na injini. Yanafungwa matatu, manne, sita, na boti moja inayasukuma kutoka nyuma. Juu ya magunia na magogo wanaishi watu kwa wiki kadhaa: maturubai, majiko ya mkaa, mbuzi waliofungwa kamba, kinyozi, mama anayekaanga maandazi. Mitumbwi hutoka vijijini na kujibana ubavuni huku msafara ukiendelea kwenda. Wa mtumbwini wana samaki wa moshi, kwanga (mkate wa muhogo), ndizi, viwavi waliokaushwa. Wa tishari wana chumvi, sabuni, betri na nguo za mitumba. Bei hupatana kwa mikono iliyoshikilia kamba. Atakayechelewa kuachia atajikuta amepelekwa mbali, na kurudi ni kupiga kasia dhidi ya mkondo.

Biashara hii ni ya zamani kuliko tishari. Kabla ya Mzungu kuingia bara, Wabobangi walikuwa wakishusha kwa mitumbwi mikubwa pembe za ndovu, samaki, mihogo na, tusifiche, watumwa, mpaka kwenye bwawa pana linaloitwa leo Pool Malebo. Hapo walikutana na Wateke, ambao hawakuruhusu mtu kuwapita. Wateke walikuwa madalali wa mwisho wa biefu. Kutoka kwao mali ilihamia kwenye vichwa vya misafara ya Wakongo na kwenda pwani kwa miguu. Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana kwa mto, imekaa juu ya masoko hayo. Hakuna serikali iliyoamua miji hiyo iwe pale. Mitumbwi ilikuwa haiwezi kwenda mbele.

Haiwezi kwa sababu mto uliokuwa unashuka sentimita saba kwa kilomita sasa unaporomoka kama mita 270 katika kilomita 350, kwa maporomoko 32, mpaka Matadi. Jina Matadi kwa Kikongo ni mawe. Kutoka Matadi hadi baharini ni biefu ya mwisho, kilomita 150 hivi, na meli za bahari kuu huipanda mpaka hapo.

Wareno walilifikia lango hilo 1482, akina Diogo Cão, na kwa karibu miaka mia nne wazungu hawakupata kupita. Mpelelezi Henry Stanley alitokea upande wa pili: aliondoka pwani ya kwetu 1874, akafika Boma Agosti 1877, amepoteza wengi wa watu wake, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wapagazi na askari wa Zanzibar. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipomtuma tena, kazi yake ilikuwa kuziba pengo kati ya biefu mbili. Meli za mvuke zilifunguliwa vipandevipande, zikabebwa na kukokotwa kuyapita maporomoko, zikaungwa upya Malebo. Kila bidhaa ilipita njia hiyo kwa mizigo ya kilo 30 hivi kichwani, na vijiji vya njiani vikakimbiwa kwa kuogopa kushikwa upagazi.

Reli ya Matadi hadi Malebo ilianza 1890 ikamalizika 1898, kilomita 366 hivi. Hesabu rasmi ilitaja Waafrika 1,800 na wazungu 132 waliokufa kazini, na hesabu rasmi za aina hii huwa na tabia ya kusahau watu. Ng'ambo ya mto, Wafaransa hawakutaka kulipia reli ya jirani, wakajenga ya kwao kutoka Brazzaville hadi Pointe-Noire, 1921 hadi 1934. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 15,000 kwenda juu. Reli mbili, karibu sambamba, kukwepa maporomoko yaleyale.

Tarehe ya 1898 haikuishia kwenye uchukuzi. Kabla yake, mpira wa porini ulikuwa na soko Ulaya, lakini kuubeba kwa vichwa hadi Matadi kulikula faida. Reli ilipounga biefu ya kati na biefu ya bahari, kila kijiji cha kandokando ya mto na matawi yake kikawa karibu na Antwerp, bandari ya Ubelgiji. Makampuni yalipewa maeneo, wanakijiji wakapangiwa kilo za kuleta, na askari wakapewa ruhusa ya kuwashurutisha. Kisa cha mikono ya wanakijiji iliyokatwa ni cha miaka hiyo. Karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, aliyagundua mambo bila kukanyaga Kongo: aliona kwenye vitabu vya bandari kwamba meli zinakuja zimejaa mpira na pembe, zinarudi na bunduki na risasi. Hakukuwa na bidhaa za kulipia mpira. Kelele zilizofuata zilimfanya Leopold, aliyeitawala nchi kama mali yake binafsi, aiachie kwa serikali ya Ubelgiji 1908.

Turudi Kisangani, maana sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu pale, na si yote ya kujivunia. Upande wa juu wa maporomoko ulikuwa wa wafanyabiashara kutoka pwani, wakiwa na ngome Kasongo na Nyangwe. Livingstone alikuwa Nyangwe Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walipofyatulia risasi umati sokoni, wengi wao wanawake. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, ndiye aliyemsindikiza Stanley kushuka Lualaba 1876. Pembe zake zilikwenda mashariki mabegani mwa watu: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Zanzibar. Stima za Leopold zilipofika Kisangani kutoka chini, swali likawa moja tu: pembe zitatoka kwa mlango upi? Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa hapo. Upatano haukudumu, vita vya 1892 hadi 1894 vikaamua kwamba pembe zitashuka na mto.

Lugha hazikutii uamuzi huo. Kilingala kilipanda na vyombo kutoka Malebo, kikafika Kisangani. Kiswahili kilishuka na misafara, kikafika palepale. Mpaka leo mji huo unasema vyote viwili, na sidhani kuna kipimo kizuri zaidi cha mwisho wa biefu. Hata wavuvi wa poromoko la mwisho tumewapa jina lenye kiambishi chetu: Wagenia. Wanasimika magogo makubwa kwenye matundu ya mwamba, katikati ya maji yanayopiga kelele, wanayafunga kwa mitambaazi, wananing'iniza madema marefu yenye umbo la tarumbeta. Mkondo unaozuia meli ndio unaowasukumia samaki ndani.

Wahandisi nao wamejaribu kula kwenye kizuizi. Karibu na Matadi kuna Inga, yenye mitambo ya umeme ya 1972 na 1982, na inakadiriwa mahali hapo pangeweza kutoa megawati 40,000 hivi. Kipande kikubwa cha umeme uliopo kilivutiwa nyaya za kilomita 1,700 hadi migodi ya shaba ya Katanga, kusini-mashariki ya nchi, juu ya vichwa vya vijiji visivyo na taa.

Na Katanga ndiko biefu ilikoshindwa kabisa. Wabelgiji walitaka shaba itoke kwa njia ya taifa: reli hadi Ilebo, iliyokamilika 1928, kisha tishari kushuka mto Kasai hadi Kinshasa, kisha reli ya Matadi. Kuipakua na kuipakia kote huko kulikuwa gharama tupu, kwa hiyo walijiwekea mlango wa nyuma mapema. Waingereza waliwakodishia sehemu za bandari ya Dar es Salaam na Kigoma, kwa mkataba wa 1921, kwa faranga moja kwa mwaka. Wazee wa bandari wanalikumbuka jina lake, Belbase.

Leo shaba nyingi ya Katanga haiuoni Mto Kongo kama njia. Inakwenda kusini na mashariki kwa malori, yale yanayopanga foleni Tunduma, na nyingine kwa behewa za TAZARA. Kati ya Mpika na Kasama, nchini Zambia, treni hiyo hupita darajani juu ya mto Chambeshi, unaoelekea Bangweulu, kisha Luapula, Mweru, Lualaba. Huo ndio mwanzo wa Kongo. Shaba inauvuka kwa dakika moja, ikielekea Dar es Salaam.