Vitundu vinavyonasa kaboni dayoksaidi: dhana potofu na ukweli

“Ni chujio tu: kaboni dayoksaidi inakwama, gesi nyingine zinapita.”

Hapana. Tunazungumzia yabisi zenye vitundu vidogo mno, zinazotumika kunasa kaboni dayoksaidi kutoka kwenye moshi au hewa. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ina upana wa takriban nanomita 0.33, ya naitrojeni 0.36. Milango ya vitundu vya zeolaiti 13X, fuwele ya aluminiamu, silikoni na oksijeni, inafika karibu nanomita 0.74, kwa hiyo zote mbili huingia bila shida. Kinachozitenganisha ni chaji za umeme. Ndani ya vitundu hivyo kuna ioni za sodiamu zenye chaji chanya. Molekuli ya kaboni dayoksaidi nayo ina oksijeni mbili pembeni zenye chaji hasi kidogo, na ioni zile huzivuta. Naitrojeni huvutwa kwa unyonge zaidi, basi hubaki ikielea na kuondoka na mkondo wa gesi.

“Kadiri uso wa ndani ulivyo mkubwa, ndivyo kifaa kinavyokuwa bora.”

Dhana hii ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu takwimu za uso zinavutia mno. MOF, yaani fuwele zilizojengwa kwa metali zilizounganishwa na molekuli za kaboni, ziliwapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025. Gramu moja ya MOF-177 ina uso unaozidi mita za mraba 4,000. Lakini moshi wa mtambo wa makaa ya mawe una kaboni dayoksaidi asilimia 12 hadi 15 tu, na katika hali hiyo nafasi kubwa ya MOF-177 hubaki tupu. MOF nyingine, Mg-MOF-74, ambayo uso wake haufiki nusu ya huo, huiacha mbali sana, kwani ioni zake za magnesi ziko wazi na huishika gesi barabara.

“Basi inayoshika kwa nguvu zaidi ndiyo ya kuchagua.”

Ikishika lazima iachie, ili itumike tena maelfu ya mara. Kila nguvu ya ziada ya kushika hulipwa kwa joto au kwa pampu ya kuvuta hewa.

“Iliyofanya vizuri maabara itafanya vizuri kiwandani.”

Moshi una mvuke, na 13X hupenda maji kuliko kaboni dayoksaidi. Ikishalowa, huhitaji joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi kukauka. Ndiyo maana mimi naithamini CALF-20, MOF ya Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Uso wake ni takriban mita za mraba 500 tu kwa gramu, lakini huendelea kunasa kaboni dayoksaidi hata unyevu ukikaribia asilimia 40, na imejaribiwa kwenye moshi halisi wa kiwanda cha saruji.

“Inayofaa kwa moshi itafaa kwa hewa ya kawaida.”

Hewani kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 0.04. Kwa uchache huo mvuto wa chaji peke yake mara nyingi hautoshi. Hapo kuta za vitundu hupakwa amini, yaani kemikali zenye naitrojeni, ambazo hufungamana kikemia na gesi hiyo, kisha huiachia zikipashwa joto la karibu nyuzi 100.