Kivuli cha Alizeti Si Cheusi

Juzi mteja aliyeagiza kadi 20 za kuwapongeza wahitimu alinirudishia sampuli yenye alizeti na maelekezo mafupi: "Pitisha nyeusi kidogo pembeni, maua yachomoze." Nilimjibu kwa adabu, lakini hapa sitajizuia, kwa kuwa maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wanafunzi wangu, kwa shangazi yangu na hata kwa muuza manila.

Kivuli ni rangi ile ile iliyopungukiwa na mwanga. Ukipitisha nyeusi juu ya njano kwa maka peni za spiriti, unapata kijani cha matope, na petali inaonekana kama imeanza kuoza. Spiriti huyeyusha upya wino uliokwisha kukauka, kwa hiyo rangi hizo mbili haziketi moja juu ya nyingine bali huingiana, na njano iliyoingiwa na nyeusi huelekea ukijani. Mimi hupaka njano petali nzima, huongeza rangi ya chungwa upande uliopewa mgongo na mwanga, kisha kahawia yenye wekundu kwenye shina la petali tu, eneo lisilozidi punje ya mchele, halafu huirudia mipaka yote kwa njano ile ile kabla wino haujakauka, mpaka mstari upotee. Ncha ya njano itachafuka. Ichoreechoree kwenye kipande cha karatasi hadi itoe rangi safi. Vitabu husisitiza kuanza na rangi nyepesi, nami nafundisha hivyo, ingawa mara nyingi nimeanza na nzito na hakuna aliyegundua.

Ua lipakwe kwenye karatasi nyingine, likatwe, ndipo libandikwe kwenye kadi, kwa sababu wino wa spiriti hupenya hadi upande wa pili, mahali pa kuandikia salamu. Manila ikunjwe kwa kufuata uelekeo wa nyuzi zake, la sivyo mkunjo utapasuka. Gundi ya maji iwe kidogo sana.

Linalonikera zaidi ni kivuli kilicho chini ya kipande kilichobandikwa. Wengi hulizungushia ua mstari mweusi pande zote, kana kwamba taa zimelizingira na zote zimezimika. Ikiwa petali zina mwanga kutoka kushoto juu, kivuli kiangukie kulia chini peke yake, kwa kijivu hafifu chenye uzambarau. Nakiri kwamba hata hapo kuna kasoro: kipande kilichoinuliwa kwa vijibonge vya kadibodi hutupa kivuli chake halisi, nacho hufuata taa ya sebule ya mpokeaji, si kalamu yangu, hivyo ua moja huweza kuwa na vivuli viwili vinavyobishana. Dawa pekee niliyoipata ni kutokiinua zaidi ya milimita 1, au kukiinua na kuacha kuchora kivuli kabisa.