Elimu inapanda, mbona mashaka nayo yanapanda?

Mwaka 2018 shirika la Wellcome la Uingereza liliwauliza watu zaidi ya 140,000, katika nchi zaidi ya 140, wanavyoiona sayansi. Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur, mwanasayansi aliyegundua chanjo ya kichaa cha mbwa, ilitia fora kwa mashaka: mtu mmoja kati ya watatu hakukubali kwamba chanjo ni salama. Rwanda na Bangladesh, karibu kila mtu alizikubali.

Sisi tunaochunguza maoni ya umma kuhusu sayansi huambiwa kila mara kwamba Wafaransa wamepotoshwa tu, waelimishwe. Siafiki hata kidogo. Katika miaka ya 1990 watafiti wenzetu John Durant na Martin Bauer walilinganisha nchi za Ulaya, wakaona kwamba pale viwanda vinapoanza kushamiri, anayeijua sayansi ndiye anayeishangilia. Jamii ikishavuka hatua hiyo, uhusiano huo hulegea. Watu wanajua mengi zaidi, ila kila jambo wanalipima peke yake. Mtu yuleyule huipokea dawa mpya ya saratani na kuyakataa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.

Tena Wafaransa hawakusahau. Miaka ya 1980 wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi vizuri, walipewa dawa zilizotengenezwa kwa damu yenye virusi vya UKIMWI, na kesi ikawafikia hadi mawaziri. Mwaka 2009 serikali iliagiza dozi milioni 94 za chanjo ya mafua ya H1N1; waliokwenda kuchanjwa hawakufika asilimia 10. Juu ya hayo, mzazi kijana wa mji wa Lyon hajawahi kumwona mtoto mwenye dondakoo. Anachokiona ni sindano.

Rwanda, surua bado imo vichwani mwa wazazi, na mhudumu wa afya ya jamii ni jirani aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa mwaka 2011, zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa walichanjwa. Sikubali imani hiyo iitwe upofu. Watu wanamwamini wanayemjua.

Ufaransa iliongeza chanjo za lazima kwa watoto kutoka 3 hadi 11 mwaka 2018, na wanaochanjwa wakaongezeka. Ninaiwazia zaidi Rwanda. Wasichana wale wa 2011 sasa ni watu wazima, wengine wana watoto, na magonjwa waliyoyaogopa mama zao wao hawayaoni. Watauliza maswali, na wahudumu wanapaswa kuandaliwa kuyajibu tangu sasa.