Picha ya WhatsApp na kijarida cha chuo cha sanaa

"Mbona kwenye simu inaonekana safi?" Kila kijarida cha chuo cha sanaa kinapofika kwa mchapaji, iwe Mbeya mjini au Iringa, swali hilo linafika nacho. Tulimalize.

Dhana: Picha ikipendeza kwenye simu, itapendeza kwenye karatasi.

Si kweli. Kioo cha simu ni kidogo na kina mwanga wake. Karatasi haina mwanga, na uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa kila inchi. Ukurasa mzima wa A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, mara nyingi ikabaki na pikseli kama 1600 upande mrefu. Gawanya kwa 300: inchi 5 na kidogo, yaani sentimita 13.5. Huo ndio ukubwa wake halali. Ukiivuta ijaze A4 inashuka hadi pikseli 137 hivi kwa inchi, na kinachopotea kwanza ndicho mwanafunzi alichokihangaikia: alama za brashi, chembe za mkaa, nyuzi za turubai. Picha ya mahafali tunaweza kuivumilia. Mchoro hapana, maana kwenye kijarida cha sanaa mchoro ndio habari yenyewe.

Na tafadhali, kufungua faili na kubadili pikseli 72 kwa inchi kuwa 300 si dawa. Programu inabuni pikseli za kujazia tu, kilichopotea hakirudi. Skrinishoti ndiyo usithubutu.

Tuma picha kama dokumenti, au leta flashi diski yenye faili halisi kutoka kwenye kamera. Mchoro upigwe nje, kivulini, ukungu ukishaondoka, kamera ikitazama katikati ya mchoro na kuwa sambamba nao. Ukiinamisha kidogo tu, mstatili unageuka kuwa trapeza. Taa ya simu izimwe. Michoro ya Tingatinga huchorwa kwa rangi za enameli zinazong'aa, kwa hiyo taa ikipiga inaacha doa jeupe ambalo hakuna fundi atakayeliondoa bila kuharibu mchoro. Weka karatasi nyeupe pembeni mwa mchoro, isaidie kusahihisha rangi baadaye.

Dhana: Rangi zitatoka kama kwenye skrini.

Skrini inachanganya mwanga, mashine inachanganya wino nne. Kijani kikali, rangi ya machungwa na bluu nzito hupoa zikifika karatasini. Omba nakala ya majaribio, tena kwenye karatasi ileile itakayotumika. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakijengwa kwa wino nne, mtelezo mdogo sana unayapa kivuli cha rangi.

Dhana: Kurasa 10 zinatosha.

Kijarida cha pini mgongoni huenda kwa nne: 8, 12, 16. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa ni kurasa nne za A4, hakuna njia ya mkato. Picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 za kukatwa kila upande, la sivyo mstari mweupe utabaki.

Dhana: Karatasi ya khaki inaipa kazi yoyote sura ya kisanii.

Karatasi ya khaki, kama ile ya kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, ni ya vifungashio. Mashine ya kawaida ya rangi nne haina wino mweupe, kwa hiyo kila cheupe kwenye mchoro kinageuka kahawia. Chapa za lino (linoleamu iliyochongwa na kupakwa wino) na michoro ya mkaa hupendeza juu yake, hata kuliko kwenye karatasi nyeupe. Picha za rangi zipe karatasi ya kung'aa ya gramu 130 kwa mita ya mraba.

Dhana: Ikishachapwa asubuhi, jioni igawiwe.

Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Njombe huchelewesha wino wa ofseti kukauka. Ukikunja mapema, wino wa jalada la ndani unapiga muhuri ukurasa unaotazamana nalo. Acha walau siku nzima kabla ya kukunja, na kama kuna weusi mwingi, siku mbili.